Kusomea Kairopraktiki: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Shamba

Haya ni mazungumzo ya mtaalamu wa tiba ya viungo anayehudumu katika hospitali ya umma. Aliyatoa mbele ya wazazi, walimu na vijana waliomaliza kidato cha nne. Tunayachapisha kwa sababu maswali aliyoyajibu huulizwa katika ofisi zetu kila matokeo ya KCSE yanapotoka.



Nimeombwa nizungumzie taaluma moja tu leo, nayo ni kairopraktiki, yaani kutibu mgongo, shingo na viungo kwa kutumia mikono. Vijana wengi wameijua kupitia simu. Mtu amelazwa kitandani, mwingine anamgeuza shingo, mgongo unalia ka! ka! ka!, kisha mgonjwa anainuka akicheka. Video yenyewe haifiki dakika mbili. Kijana akishaitazama mara kumi anamwendea baba yake na kumwambia hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Baba naye anaanza kuhesabu mashina ya majani chai, au anakumbuka ile ekari moja iliyo kando ya mto.

Sikuja kuwaambia kwamba kazi hiyo ni mbaya. Watu wenye maumivu ya mgongo ni wengi mno. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa mgongo wa chini, na hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi zaidi washindwe kufanya shughuli zao. Hapa kwetu hatuhitaji takwimu. Mama wa Kathangariri au Kinoro hubeba kikapu cha majani chai hadi kituo cha kupimia, na akirudi nyumbani anabeba maji na kuni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Kijana wa Igembe hupanda mti wa miraa alfajiri matawi yakiwa na umande. Mwanabodaboda wa Runyenjes hukaa juu ya pikipiki kutwa nzima kwenye barabara za murram. Wote hao huja kwetu, na foleni haiishi. Kwa hiyo kijana anayesema anataka kutibu migongo ameona kazi ya kweli. Lililobaki ni kujua njia ya kuifikia, gharama yake, na anayokutana nayo akirudi nyumbani.

Kwanza tujue taaluma yenyewe. Ilianzia Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, alizaliwa Kanada, na hesabu ya taaluma hii huanzia tarehe 18 Septemba 1895, siku aliyomtibu mfanyakazi wa usafi wa jengo aitwaye Harvey Lillard ambaye alikuwa na tatizo la kusikia. Palmer aliamini kwamba magonjwa mengi hutokana na pingili za mgongo zilizokaa vibaya. Sayansi haikumuunga mkono katika hilo, na vyuo vingi leo havifundishi hivyo. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kitu kilichofanywa kwa mkono.

Kuna jambo katika historia hiyo ambalo mzazi anafaa kulishika. Palmer mwenyewe alifungwa jela mwaka wa 1906 kwa kutibu watu bila leseni. Jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuwatambua wataalamu hawa lilikuwa Kansas, mwaka wa 1913, na la mwisho lilikuwa Louisiana, mwaka wa 1974. Kati ya jimbo la kwanza na la mwisho ni miaka 61. Huko Uingereza sheria yao ilipitishwa mwaka wa 1994. Basi hata kule taaluma ilikozaliwa, kulikuwa na vizazi vya watu waliosoma, wakahitimu, na bado sheria ikawa haijui iwaweke wapi. Nitarudi kwenye jambo hili tutakapofika Kenya.

Sasa masomo. Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya kairopraktiki. Unasema kwamba mafunzo kamili yasipungue saa 4,200 za masomo na mwalimu, katika miaka minne ya kusoma muda wote, na kwamba ndani yake kuwe na angalau saa 1,000 za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Mwanafunzi husoma anatomia kwa kupasua maiti maabarani. Husoma utendaji wa mwili, kemia ya mwili, magonjwa, mishipa ya fahamu, na kusoma picha za eksirei. Ile mbinu ya kuvuta na kubonyeza mnayoiona kwenye video ni sehemu ndogo ya masomo hayo. Na kwa kuwa mmeniuliza kuhusu ule mlio: si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyo kwenye majimaji ya kiungo, na ni mlio wa aina ileile unaousikia ukivuta vidole vyako. Unaweza kutibiwa vizuri bila mlio wowote, na unaweza kulia sana usipone.

Kwa Marekani, kijana huhitaji kwanza karibu miaka mitatu ya masomo ya chuo kikuu, hasa ya sayansi, ndipo aingie katika shahada yenyewe ya takriban miaka minne. Baada ya hapo kuna mitihani ya kitaifa na leseni ya jimbo. Karo huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi kwa kila mwaka, na chumba na chakula haviko ndani ya hesabu hiyo. Ninasema hivi bila kumtisha mtu. Ninasema kwa sababu nimeona familia ikipanga bajeti ya mwaka wa kwanza peke yake, kana kwamba miaka mingine italipwa na mvua.

Iliyo karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini. Kuna vyuo vikuu viwili vya umma vinavyofundisha kairopraktiki huko: Durban University of Technology na University of Johannesburg. Mpango wao ni miaka minne ya shahada ya kwanza na miaka miwili ya shahada ya uzamili, jumla miaka sita, na lazima mwanafunzi afanye utafiti na kuuandika. Ukikomea kwenye ile minne ya kwanza, bado hujawa mtaalamu wa kairopraktiki. Hapo ndipo familia nyingi zingekwama, kwa sababu zimezoea kwamba miaka minne ikiisha kuna sherehe ya mahafali na mbuzi anachinjwa. Baada ya uzamili, mhitimu husajiliwa na baraza la serikali la huko linalosimamia taaluma hizi.

Kuna mambo ya makaratasi pia. Mwenye cheti cha KCSE anayetaka kusoma shahada Afrika Kusini huhitaji cheti kingine cha kuonyesha kwamba matokeo yake yanalingana na ya huko. Mwaka wa masomo kule huanza mwanzoni mwa mwaka, na maombi hufungwa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kijana anayesubiri matokeo ya KCSE ndipo aanze kuuliza, tayari amechelewa kwa mwaka huo. Asidanganywe na mtu kwamba kuna mlango wa nyuma. Na ni kweli kwamba tangu Januari 2023 Mkenya anaweza kuingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Hiyo ni ya mgeni anayetembea. Mwanafunzi anahitaji viza ya masomo, na anayeingia kama mtalii kisha akaenda darasani amevunja sheria tangu siku ya kwanza.

Suala la mkopo nalo tuliseme wazi. Mkopo wa HELB umewekewa wanafunzi walio katika vyuo vinavyotambuliwa hapa Kenya na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usipange safari ya Durban ukiutegemea. Basari ya wadi au ya NG-CDF, hata ukipata, itasaidia kidogo tu. Harambee hujaza mwaka wa kwanza kwa shangwe, lakini mwaka wa nne watu wamechoka, na wengine wana watoto wao wa kusomesha. Mzazi akikaa na kalamu, aandike miaka sita, si mmoja. Aandike karo, nyumba, chakula, bima ya afya, nauli ya kurudi angalau mara moja, na kupanda kwa bei ya pesa za kigeni. Akishajumlisha, aangalie bonasi ya chai ya miaka mitatu iliyopita, mwaka mzuri na mwaka mbaya, kisha ndipo aulize kama shamba ni la kuuza. Ninaomba pia amwulize mkewe, au mumewe, na hao watoto wengine wanaotegemea shamba hilohilo.

Tuseme sasa kijana amehitimu. Amerudi. Anafungua chumba Makutano pale Meru, au Embu mjini, anaweka kitanda na bango. Je, sheria inamjua?

Hapa Kenya hakuna chuo kikuu kinachotoa shahada ya kairopraktiki, na Bunge halijapitisha sheria maalumu ya taaluma hiyo kama lilivyofanya kwa wauguzi, maafisa wa kliniki na wengine. Sisi wa tiba ya viungo tuna sheria yetu ya mwaka wa 2014, na baraza letu hutoa leseni kila mwaka. Mtu hawezi kujiita mtaalamu wa tiba ya viungo bila kusajiliwa na baraza hilo. Haina maana kwamba hakuna wataalamu wa kairopraktiki Kenya. Wapo, hasa Nairobi, na wengine wamesoma vizuri sana. Lakini kijana anayeanza leo asidhani njia imelimwa kama ya udaktari au uuguzi. Ataulizwa vyeti vyake vimetambuliwa na nani, leseni yake inatoka wapi, na bima italipa kwa msimbo gani. Nafasi ya kazi katika hospitali ya kaunti hutangazwa kwa majina ya kada zilizopo, na hii haimo katika matangazo tuliyozoea kuyaona.

Ndiyo maana ninawaambia wazazi: uliza kabla ya kulipa, na uulize kwa maandishi. Kuna mamlaka iitwayo KHPOA iliyoundwa na Sheria ya Afya ya 2017 ili kusimamia uhusiano wa mabaraza ya taaluma za afya na kupokea malalamiko. Waandikie, uwape jina la chuo na jina la shahada, uwaulize mhitimu wake akirudi Kenya atasajiliwa wapi. Kuhusu kutambuliwa kwa shahada ya nje, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na pia mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA. Jibu likija, liweke kwenye faili pamoja na hati ya shamba. Wakala akikwambia hakuna haja ya kuuliza, kwamba ana mtu wake, hiyo nayo ni habari ya kutosha kumhusu.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya gharama. Ni hizi kozi fupi. Mzazi mmoja aliniletea karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu. Mwanawe alikuwa amesoma siku 12 na akapewa cheti kinachosema ni mtaalamu wa kairopraktiki. Nikachukua kalamu. Siku 12, hata ukisoma saa nane kila siku, ni saa 96. Nimewaambia mwongozo unasema saa 4,200. Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa na mikono mizuri na nia njema, na tayari majirani walikuwa wanapanga foleni kwake. Lakini hakuwa amefundishwa kumtambua mgonjwa asiyepaswa kuguswa.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo miaka yote ile ya masomo inapopata maana. Watu wengi wenye maumivu ya mgongo wa chini wana maumivu ya kawaida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, limetaja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na tiba za mikono, ikiwemo ile ya kusukuma pingili, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kusaidia. Kwa hiyo mikono ina nafasi yake, na sisi wa tiba ya viungo tunaitumia pia. Lakini wachache wana kitu kingine. Kuna kifua kikuu kinachokula pingili za mgongo: mgonjwa anaumwa usiku, anapungua uzito, ana homa. Kuna saratani iliyosambaa hadi mfupani. Kuna mfupa uliopasuka baada ya kuanguka kutoka mtini, au kwa mama mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi. Mgonjwa wa namna hiyo ukimsukuma mgongo kwa nguvu, unaweza kumletea kupooza. Na shingo ni ya kuogopwa zaidi, kwa sababu mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hupita ndani ya pingili zake. Si mara nyingi, lakini imeripotiwa kwamba mtu aligeuzwa shingo kwa ghafla, mshipa ukachanika, akapata kiharusi.

Mtu akikosa kuhisi sehemu za siri au katikati ya mapaja, akashindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu yote miwili ikalegea ghafla, huyo si mgonjwa wa kukandwa. Ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, Meru au Embu kwenye hospitali ya rufaa, au iliyo karibu zaidi yenye daktari wa upasuaji. Saa zinahesabika. Vijana, hata kama hamtasomea afya, hilo lichukueni mwende nalo nyumbani.

Sasa, kuna njia ya karibu? Ipo, na ndiyo niliyoipita mimi. Diploma ya tiba ya viungo, au fiziotherapia, hufundishwa KMTC kwa miaka mitatu. KMTC ina kampasi Embu na Meru, ila si kila kozi hufundishwa katika kila kampasi, kwa hiyo angalieni orodha kabla ya kuchagua. Maombi siku hizi hupitia KUCCPS. Diploma kwa kawaida huanzia wastani wa C, na Biolojia na lugha huangaliwa kwa makini. Mwenye C+ na kuendelea anaweza kuomba shahada. JKUAT pale Juja ni mojawapo ya vyuo vinavyoifundisha. Ukimaliza unafanya mafunzo ya vitendo, unasajiliwa na baraza, unafanya kazi. Migongo utakayoitibu ni ileile. Tena hutibu mgongo peke yake: utamfundisha aliyepata kiharusi kutembea tena, na utamsaidia mtoto aliyezaliwa na tatizo la ubongo akae.

Kuna kazi nyingine zinazosahaulika: wanaofunga plasta na kunyoosha mifupa iliyovunjika, wanaotengeneza miguu ya bandia, na maafisa wa kliniki waliobobea katika mifupa. Mtu aliyekuwa na ndoto ya kutibu kwa mikono asizipite bila kuziangalia.

Na njia moja haifungi nyingine. Kijana anaweza kusoma tiba ya viungo hapa, akafanya kazi miaka mitatu au minne, akaweka akiba katika Sacco, kisha akaenda kusomea kairopraktiki akiwa na umri wa miaka 27, anajua mgonjwa ni nini, na ana leseni ya Kenya ya kurudia ikiwa mambo hayataenda alivyopanga. Akirudi na shahada ya pili, hata sheria ikiwa bado haijamjua kwa jina jipya, inamjua kwa jina la kwanza. Mimi ningemwambia mwanangu hivyo. Lakini mwenye uwezo, mwenye barua ya kukubaliwa na chuo cha kweli, na aliyeandikiwa majibu na hizo ofisi nilizotaja, na aende.

Baada ya mazungumzo palikuwa na maswali. Haya mawili tumeyaweka kwa faida ya wasomaji.

Mama mmoja aliuliza: binti yake alipata D+ ya Biolojia lakini ana moyo wa kusaidia wagonjwa, je, kuna chuo cha nje kinachoweza kumchukua kwa kairopraktiki?

Jibu: Mama, asante. Chuo cha kweli kitaangalia sayansi. Kinachomchukua bila kuangalia kinataka karo tu. Binti anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, na hakuna aibu. Au aanze na cheti cha kazi nyingine ya afya anayofikia alama zake, kisha apande ngazi. Mlete ofisini pamoja na hati ya matokeo, tuangalie somo kwa somo.

Mzee mmoja aliuliza: babu zetu walinyoosha mifupa bila shahada, na watu walipona. Kwa nini kijana atumie miaka sita?

Jibu: Mzee, ni kweli wapo waliopona, na wengine wa wale wazee walikuwa na mikono ambayo mimi ningetamani kuwa nayo. Lakini na wale waliokatwa mguu kwa sababu kitambaa kilifungwa kikazuia damu, sisi ndio tuliowapokea. Yule mzee hakuwa na picha ya eksirei. Kijana huyu anayo, na miaka sita ni ya kumfundisha kuisoma.